Nafasi Pembeni ya Eufrazia

Mimi ndiye niliyevileta viwanda Morogoro. Nilimwambia hivyo Elia, kijana wa chuo kikuu aliyepanda kwetu mwezi wa saba na karatasi zake na viatu vya mjini, akacheka mpaka akakaa chini. Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, wala sioni haya. Ila huu una ukweli ndani yake kuliko ninavyopenda.

Alikuwa na swali moja refu. "Kwa maoni yako, bibi, ni sababu zipi zimefanya viwanda viongezeke haraka hapa kwetu, wakati watu wengi bado ni wakulima?"

"Kwanza salamu," nikamwambia.

"Samahani bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa andika: sababu ni mimi."

"Bibi jamani, hapa kuna visanduku. Nakusomea, wewe unachagua. Maji. Umeme. Reli. Ardhi. Sera ya serikali. Nguvukazi ya bei nafuu."

"Hiyo ya mwisho irudie."

"Nguvukazi ya bei nafuu. Yaani watu wa kazi wapo wengi, na hawadai mshahara mkubwa."

"Huyo ana jina, mjukuu wangu. Anaitwa Winfrida. Na nyuma ya Winfrida yupo baba yake, Gervas. Kisanduku cha Gervas kiko wapi?"

Akapekua karatasi huku na huku, maskini, kwa heshima kabisa. "Kuna pa kuandika Mengineyo. Lakini ni mstari mmoja."

Mstari mmoja haumtoshi Gervas. Hata kitanda hakikuwa kikimtosha. Shule sikwenda, lakini herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni. Zinatembea kama kinyonga, ila zinafika. Basi namwandikia mistari yake mwenyewe.

Gervas alitokea Matombo, upande wa pili wa mlima, kuja kumwoa mdogo wangu Eufrazia. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa. Alikuja na panga, shuka moja, na miguu mirefu hata akipiga magoti kanisani aliweza kuchuma ndizi nje dirishani. Usipoamini hilo, amini kwamba alikuwa mrefu.

Kijiji chetu kiko juu ya Bigwa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu ya mwenyeji, na saa nne kwa miguu ya Elia. Na kwetu Waluguru ardhi ni ya kina mama. Shamba linatoka kwa mama linakwenda kwa binti, na msemaji wake ni mjomba. Mwanaume akioa anakuja kulima kwa mkewe. Anakula, anazaa, anaheshimiwa, lakini mti hapandi. Mahindi sawa, maharage sawa, vitu vya msimu. Mti unakaa miaka, na mwenye mti mwishowe atasema hata udongo ni wake. Mjomba wetu Bartholomeo alimwambia Gervas maneno hayo siku ya kwanza, mbele ya watu, bila kuyapaka asali.

Gervas akaitikia. Mwaka wa pili akaenda kwao kusalimia, akarudi na vipande vya mpilipili manga, amevifunga kwenye majani ya mgomba kama vifaranga. Mpilipili manga unatambaa, lazima upate pa kupandia. Akaenda kuviweka, kimoja kimoja, chini ya kila mfenesi na kila mshelisheli waliyoiacha bibi zetu katika shamba lile. Habari ikamfikia Bartholomeo kabla udongo haujakauka mikononi mwa mtu. Akaja na fimbo yake.

"Gervas, nilikuambia nini juu ya miti?"

"Nisipande, mjomba."

"Na hii ni nini?"

"Hii hata kusimama yenyewe haiwezi, mjomba. Mti gani huo unaoegemea wenzake? Miti ni yenu. Mimi nimeleta mgeni tu, aegemee. Kama mimi mwenyewe nilivyokuja kuegemea kwenu."

Bartholomeo akamwangalia. Akaiangalia ile miche. Halafu akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye matope, na Eufrazia aliyekuwa amejificha nyuma ya mgomba akitetemeka, naye akacheka. "Mwacheni," akasema mjomba. "Mwacheni aegemee."

Basi ile pilipili ilipanda! Miaka michache miti yote ya shamba lile ilivaa kijani mpaka shingoni. Mwizi mmoja aliiba debe zima, akaanza kupiga chafya hapo hapo shambani, akapiga chafya mpaka Mikese, na mpaka leo watu wa Mikese wakisikia upepo wanasema "afya." Kazi ya Gervas ilikuwa ngazi na jamvi. Anapanda ngazi, anachuma vishada, anavitandaza juani, anavigeuza kwa kiganja, na punje za kijani zinajikunja na kuwa nyeusi. Viganja vyake vilinukia pilipili hata Jumapili. Eufrazia alinambia, "Dada, mtu huyu akinishika shavu nalia. Watu wanadhani ananipiga."

Walizaa watoto watatu, akabaki mmoja, ndiye Winfrida. Winfrida alichuma pilipili kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, kila mkono na kazi yake, kama ana mtu mwingine mgongoni.

Eufrazia alifariki mwaka ule wa maporomoko. Tulimzika kwenye makaburi ya ukoo, juu ya kijito. Hapo wanalala watu wa tumbo moja. Mume hazikwi hapo. Akifa anarudishwa kwa mama zake. Hiyo ndiyo desturi.

Sasa nisikilize hapa. Watu walipokwisha kuteremka kwenda kula, tulibaki watatu. Gervas, kwa sababu alishindwa kuondoka. Bartholomeo, kwa sababu hakutaka kumwacha. Na mimi, kwa sababu ndala yangu ilikuwa imenasa kwenye matope na nilikuwa naichimbua. Bartholomeo alishika fimbo yake akachora ardhi pembeni ya kaburi, mstari wa urefu wa mtu. Tena wa urefu wa Gervas.

"Hapa ni pako," akamwambia. "Uwe bado unakaa kwetu, uwe umeondoka. Siku yako ikifika, uletwe hapa."

Gervas alipiga magoti akagusa ule mstari kwa kile kiganja chake.

Bartholomeo akanigeukia. "Wewe umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Wakati wa mavuno nitauambia ukoo. Wewe usilitangulize neno hili, na siku ukilisema, usilitie chumvi."

Mavuno hayakumkuta. Alikwenda kulala mchana wa siku moja baada ya chakula, basi. Neno lile likabaki kwa watu wawili: mwenye shida nalo, na mimi.

Elia aliniuliza mambo yalianza kubadilika lini. Mimi sijui lini, najua namna. Shamba la mama yangu lilikuwa la kutembea mpaka uketi upumzike. Likagawanywa kwa mabinti wanne, kisha kwa mabinti zao kumi na mmoja, na sasa ukikohoa mwanzo wa shamba jirani anakuambia pole mwisho wa shamba. Mvua nayo ikawa inakuja kama mgeni asiyetaka kula. Miaka miwili mfululizo vuli haikuonekana. Pilipili ya Gervas ikaanza kukauka kutoka juu kushuka chini, akawa anaibebea maji kutoka kijitoni kwa ndoo, mzee mzima, mti baada ya mti. Wasichana wetu walikuwa wamesoma mpaka kidato cha nne na wamerudi nyumbani kukaa.

Na huko chini, kila kiangazi nilikuwa naona kutoka uani kwangu paa jipya la mabati linang'aa upande wa barabara ya Dodoma. Nguzo kubwa za umeme zikaja zimeshikana mikono. Treni mpya ikaanza kupita, kimya, kama nyoka aliyekumbuka kitu nyumbani. Maji wanayotumia huko yanatoka kwetu mlimani. Tulikuwa tunayaona yakiteremka, hatukufikiri kwamba na sisi tutayafuata.

Siku moja akapanda mama mmoja, Joyce, wa kiwanda kipya cha nguo, pamoja na mtu wa kata. Mkutano ulikuwa ofisi ya kijiji. Joyce alikuwa mtu mzuri, nisimsingizie. Akauliza kama wasichana wa huku wanaweza kukaa kitako siku nzima na kufanya kazi ya vidole.

Watu wakanyamaza. Na mimi, mahali penye watu na kimya, siwezi kujizuia.

"Vidole?" nikasema. "Mama, hawa wetu wanamshonea mbu soksi! Tena akiwa anaruka! Juzi mmoja ametungia uzi sindano iliyoanguka kisimani, yeye amesimama juu!"

Mkutano mzima ukavunjika mbavu. Joyce akafuta machozi kwa kanga ya jirani. "Bibi, hebu nitajie mmoja tu wa hao."

Nikamtaja Winfrida. Nikasimulia mikono yake miwili, na yule mtu wa mgongoni, mpaka wakapiga makofi. Wakaandika jina lake kwanza, na baada yake wengine kumi na wanne. Gervas hakuwepo. Alikuwa shambani na ndoo.

Jioni Winfrida akamweleza baba yake, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilitaka kusifiwa.

"Baba, ni kazi ya mwezi kwa mwezi. Mvua inyeshe isinyeshe."

"Na jiko la mama yako?"

Hapo ndipo nilipogundua nilichofanya. Kwetu, mke akifa, mume anaendelea kukaa madhali binti wa marehemu anapika katika nyumba ile. Jiko likizimika, shamba linarudi kwa ukoo, apewe binti mwingine mwenye watoto. Nilikuwa najua. Nilizaliwa najua. Nikasahau kwa sababu ya kicheko.

"Nitapanda kila Jumapili," akasema Winfrida. "Nitawasha, nitapika. Nani atasema limezimika?"

"Hakuna," nikadakia. "Mimi nitawaambia."

Gervas akaniangalia. "Shemeji, wewe ukiwaambia kumekucha, watu wanatoka nje kuhakikisha."

Tulicheka wote watatu. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile.

Winfrida akapanga chumba mtaa wa Mafiga, huko mjini. Mwaka wa kwanza alipanda kila Jumapili, na mkate kwenye mfuko. Mwaka wa pili kiwanda kikapata kazi kubwa ya nguo za kupeleka nje ya nchi, wakawa wanaingia hata Jumapili kwa zamu. Akakosa moja, akakosa tatu. Nikaona moshi unatoka paa la Gervas Jumanne, Alhamisi, kila siku. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa amechuchumaa jikoni peke yake, miguu ile imekunjwa mpaka masikioni, anapuliza kuni. Juu ya mafiga hakuna sufuria. Anawasha moshi tu, uonekane.

Nikawaambia watu, "Winfrida yupo, nimemwona jana amebeba maji." Nikasema nimekula ugali wake. Nikasema ameninyima mboga, ili inoge. Nilidanganya miezi minane, na ni uongo pekee niliowahi kusema bila kufurahi.

Lakini ukoo una macho. Mjomba wa sasa ni Nasibu, mtoto wa mdogo wangu mwingine, mtu wa haki, anaongea taratibu. Alikuja na Hosiana, binti wa ukoo mwenye watoto wanne na kijishamba cha kutandika mkeka. Hakumfukuza Gervas. Alimwambia, "Baba, tumekaa nawe vizuri. Lakini huyu analima wapi?" Gervas akamwangalia Hosiana, akawaangalia wale watoto. Akaingia ndani akatoa ngazi yake, akaiegemeza ukutani, akamwonyesha Hosiana ipi ni kamba ya kuifungia mtini. Kesho yake akateremka.

Mafiga nilimtembelea mara mbili. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni, anamsubiri mwanawe atoke zamu. Mara ya pili alinishika mkono. "Shemeji, lile neno la Bartholomeo unalo?"

"Ninalo."

"Halijaharibika?"

"Sijaligusa hata kidogo."

"Basi," akasema. "Hapa nimekuja kuegemea tu."

Alifariki masika iliyopita, mwezi wa nne, asubuhi, mwanawe akiwa kazini. Winfrida akapanda mlima kwenye mvua, viatu mkononi, kuomba ile nafasi. Tukakaa nyumbani kwa Nasibu, ukoo mzima.

"Mume wa mtu hazikwi pale," akasema Nasibu. "Winfrida mwanangu, nakuonea huruma, lakini tukimpa mmoja tutawanyima vipi wengine? Wakwe wangapi wamekaa kwetu?"

Nikasimama. Nilikuwa nimelibeba neno lile miaka yote, safi. "Bartholomeo alimpa nafasi ile. Alichora mstari kwa fimbo. Alisema, awe anakaa kwetu, awe ameondoka, aletwe."

"Nani alisikia, mama mkubwa?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Gervas."

Kisha Laurenti, mpwa wangu, tena mpole kuliko wote, akaficha uso kwenye kofia, mabega yakaanza kumcheza. Mwingine akaguna. Kicheko kikapita chumba kizima kama moto kwenye manyasi, cha chinichini, cha watu walio msibani na hawataki kucheka.

"Ulikuwa unafanya nini huko makaburini, wenzako wameshateremka?" akauliza Hosiana, kwa upole.

"Ndala yangu ilinasa kwenye matope."

Basi hapo wakashindwa kabisa. Nasibu mwenyewe akafuta macho. "Mama mkubwa, mwezi uliopita umetuambia treni ilisimama Bigwa ikusalimie. Leo tuna msiba. Tuachie kidogo."

Treni ile haikusimama. Mstari ulichorwa. Niliapa kwa kaburi la mama yangu, lakini nilishawahi kuapa hivyo hivyo juu ya yule mbu na soksi zake. Winfrida hakucheka. Alinitazama, na nikaona hata yeye hana hakika.

Huko Matombo dada zake Gervas wote walikwisha kufa, na barabara ilikuwa imekatika. Tukamzika Kola, makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua. Shimo walilichimba la kipimo cha kawaida, ikabidi waliongeze, sisi tukisubiri kwenye mvua. Nilikuwa nimebeba kipande cha mpilipili manga kutoka kwa Hosiana. Nikakipanda.

"Mama mkubwa," akasema Winfrida, "kitaegemea nini?"

Nikatazama. Pale palikuwa peupe, hakuna hata kichaka. Nikakizungushia kwenye msalaba wa mbao.

"Kazini wamekupa siku ngapi?" nikamuuliza.

"Leo tu."

"Mnashona nini siku hizi?"

"Mifuko. Mimi natia mifuko ya suruali. Siku nzima mifuko. Suruali nzima sijawahi kuishona, mama mkubwa." Akanyoosha vidole vyake akaviangalia. Vilikuwa na rangi ya bluu ya kitambaa. Akavinusa, halafu akaviweka nyuma ya mgongo, nikajua anatafuta harufu gani.

Mbuzi wa watu walikula kile kipande kabla ya arobaini. Nikapeleka kingine. Nacho wakala.

Hizo ndizo sababu zangu, Elia, uzinakili kama zinafaa. Maji yalikuwepo, umeme ukaja, reli ikaja, serikali ikaita, sikatai. Lakini mashine ilikuwa inasubiri vidole, na vidole viliteremka kwa sababu shamba lilikuwa limekwisha, mvua ilikuwa imegoma, na bibi mmoja hakuweza kunyamaza kwenye mkutano. Wenzetu wengine wamejenga kwa mshahara huo, watoto wao wanasoma, nami nafurahi nao. Kwa Winfrida kuna jiko la gesi na kigoda mlangoni ambacho hakuna anayekikalia.

Limebaki jambo moja, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita nilikohoa sana, na Nasibu akaja kunipa moyo. "Usihofu, mama mkubwa. Nafasi yako tumeshaipanga. Utalala pembeni ya mdogo wako Eufrazia, pale pale penye nafasi."

Nikamwambia pale pana mwenyewe. Nikamwambia mnizike miguuni pa Eufrazia, au karibu na njia, au nyuma ya choo cha shule, lakini pale paachwe wazi. Akanipigapiga mgongo huku anacheka. "Wewe hata kaburi unalitania."

Kwa mdomo siaminiki tena, na nimejitakia. Ndiyo maana nimeandika. Mwizi wa Mikese futeni. Mbu futeni, na miguu iliyofika dirishani mwa kanisa punguzeni. Mstari wa Bartholomeo uacheni, na ndala yangu kwenye matope, kwa sababu ilinasa kweli, ya mguu wa kushoto, na mpaka leo natembea na ya rangi nyingine.